Koja la Mayai la Bibi wa Juu

Mwenzangu, umewahi kuitwa na utoto wako kwa simu? Mimi nimeitwa, Jumatano asubuhi, mikono yangu ikiwa na unga wa chapati hadi viwikoni. Nilibonyeza ule ujumbe wa sauti kwa ncha ya kidole, na sauti niliyokuwa sijaisikia kwa zaidi ya miaka ishirini ikajaa jikoni kwangu hapa Riyadh.

"Ukhti, ni mimi, binti wa Bibi wa Juu, wa Ghulail. Siku hizi tuko Riyadh. Binti yangu anaolewa Ijumaa, na mama anataka koja la mayai mezani, lakini mikono yake inatetemeka, haiwezi tena. Sisi tumejaribu siku tatu, mafi faida, hakuna kitu. Amesema, mtafuteni yule binti wa Kiswahili wa chini. Tafadhali, usiniambie hapana."

Nilipiga ukelele. Mume wangu, ambaye ni dereva kule kwenye maghala ya Al-Sulay na alikuwa ndiyo kwanza anavaa viatu, alikuja mbio akidhani nimeungua. Nikamwambia sikuungua, nimekumbukwa. Akanitazama jinsi mume anavyomtazama mke aliyeamka na mambo yake, akachukua funguo za gari akaenda zake kazini.

Sasa ili uelewe kwa nini mtu mzima mwenye wajukuu wawili anarukaruka jikoni kwa sababu ya mayai, inabidi nikurudishe Jedda, katika Ghulail ya utoto wangu. Mama yangu na baba yangu walitoka Mombasa. Baba aliendesha gari la maji, mama alishona mabuibui nyumbani, na tuliishi chini kabisa katika nyumba ya ghorofa tatu iliyobanana na nyenzake hata ukikohoa chumbani, jirani anakuitikia afya. Joto la Jedda si la mchezo. Shuka hazikauki, chumvi inaganda kwenye kopo, na viyoyozi vinakutonea kichwani njia nzima hadi bakala, duka la mtaani. Lakini harufu zake, ee Mola! Saa za alasiri mtaa mzima ulipika kwa pamoja, Wasomali na Wachadi na Wayemeni na sisi, na pua yangu ya kitoto ilijua kila mlango una nini kabla sijaufikia.

Ghorofa ya juu kabisa aliishi Mhindi wetu. Sisi tulimwita Bibi wa Juu, si kwa uzee, maana wakati huo alikuwa bado mbichi, bali kwa heshima, na kwa sababu hata baba yangu alimwogopa kidogo. Alikuwa Mwislamu wa Malabari, ile pwani ya kusini ya India inayotazama huku kwetu. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyenizidi mwaka mmoja, mwembamba, miwani mikubwa, kila siku ana kitabu mkononi.

Siku moja Bibi wa Juu alituletea sahani iliyofunikwa. Mama akamshukuru sana mlangoni, akaingia nayo, akafunua. Ndani yake kulikuwa na rundo la nyuzi nyembamba za manjano, zinang'aa, zinanata sukari. Mama akazigeuzageuza. Akasema, "Jamani, majirani hawa wana imani. Wametupa tambi." Basi mama yangu, mpishi hodari asiyekosolewa na mtu kutoka Kisauni hadi Ghulail, akateleka sufuria, akayeyusha samli, akazikaanga zile tambi, akazimiminia tui zito, akatia sukari na iliki, akafunika zikauke.

Hazikukauka. Zilivunjika, zikavimba, zikawa mfano wa mayai ya kuvuruga yaliyoangukia kwenye kopo la sukari. Baba akaonja akasema tambi za siku hizi viwanda vinachanganya. Tukala kwa taabu. Lakini kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, mkono mtupu haulambwi, na siku ile nyumbani hapakuwa na kitu kingine cha maana. Mama akapakua ile iliyobaki, akainyunyizia zabibu juu kuipendezesha, akanipa niipeleke ghorofani.

Nilisimama mlangoni nikamwona Bibi wa Juu akifunua sahani yake mwenyewe. Akatazama. Akanusa. Akachukua kibonge kimoja akakiweka ulimini, na nikaona uso wake unapita hatua zote, kama mtu anayesoma barua yenye msiba mwanzo na harusi mwisho. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti, akajifuta machozi kwa upindo wa mtandio, akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kuchechemea, "Mama yako amezipika? Amezipika tena?" Nami, kwa kuwa sikujua kosa liko wapi, nikajibu kwa fahari kwamba ndiyo, kwa tui.

Kumbe zile hazikuwa tambi. Vilikuwa viini vya mayai ishirini na nne, vimefumwa uzi kwa uzi alasiri nzima. Kwao huitwa koja la mayai, ni chakula cha bwana harusi anapokuja kwa wakwe mara ya kwanza, na jikoni kwao wasiojua kulifuma walikuwa wengi kuliko wanaojua hata zama zile. Mama alipoambiwa, alijifungia chumbani siku mbili kwa aibu. Siku ya tatu Bibi wa Juu alishuka mwenyewe, akamkumbatia, akasema, "Halas, dada. Leta huyu mtoto aone, asije akaaibika kama wewe." Ndivyo nilivyopanda ngazi zile, na kwa miaka sita sikushuka vizuri.

Nikwambie jinsi linavyofumwa, uone kama mate hayakutoki. Unavunja mayai, unatenga viini na ute kwa mikono, bila haraka. Viini unavichuja kwenye kitambaa cha melimeli mara mbili, mpaka viteremke laini, visiwe na utando hata chembe. Unachemsha shira, nyepesi, iendelee kutokota katikati. Kisha unachukua kifuu cha nazi kilichotobolewa tundu moja dogo kama punje ya mchele, unaziba tundu kwa kidole, unajaza viini, unasimama juu ya sufuria. Unaachia kidole. Na hapo, mwenzangu, mkono uanze kuzunguka! Uzi wa dhahabu unashuka, unazunguka, unajilaza juu ya uzi mwingine, shira inafura povu, na wewe mkono hausimami hata pua ikuwashe. Povu likipanda unalinyunyizia maji ya baridi, linatulia, unaopoa koja lako kwa upawa wa matundu na kulitandaza kwenye sinia kwa vidole vilivyolowa. Ute hautupwi. Unapigwa na ile shira iliyobaki, unatiwa iliki, unapikwa kwa mvuke mpaka uwe keki nyeupe, unakatwa pembe pembe, na nyuzi zinalala juu yake.

Kifuu cha Bibi kilitoka kwao, kilikuwa cheusi na laini kwa mafuta ya miaka. Mimi nilipewa kigoda nisimamie, na mwezi mzima wa kwanza sikuruhusiwa viini, nilimimina maji tu, sufuria tupu chini, nizungushe, nizungushe. Kila nilipouliza ni vijiko vingapi vya sukari, alinipiga kikumbo na kusema macho yako ndiyo kijiko. Na alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka likaniingia kwenye mifupa: mkono ukiogopa, uzi unakatika. Siku ya kwanza uzi wangu ulipozunguka mara tano bila kukatika, nilipiga kelele, uzi ukakatika, sufuria na kigoda vyote chini, na bado Bibi aliniinua akanibusu paji la uso.

Halikuwa koja peke yake. Ile ghorofa ya juu ilikuwa nchi nzima! Kulikuwa na mikate ya unga wa mchele myembamba ukiiweka usoni unaona dirisha, ambayo mama yangu aliikubali siku ile ile kwa kuwa ilikuwa binamu wa mikate yetu ya mchele. Kulikuwa na ndizi za kupika zilizopondwa, zikajazwa nazi, sukari na korosho, zikafinyangwa mfano wa pia na kukaangwa. Kulikuwa na kome waliojazwa unga wa mchele ndani ya maganda yao, wakapikwa kwa mvuke, halafu wakakaangwa na pilipili, na siku baba alipowapata kome wazuri sokoni, nyumba nzima ilipanda juu kula. Bibi alikuwa na hasira moja kubwa maishani: mikahawa. Kila alipopita mbele ya mkahawa wenye bango la chakula cha Kihindi alisimama, akasoma majina yote, akasonya. "Hivi vyote sivijui," alisema. "Na vyangu hawavijui. Basi sisi sote si Wahindi." Mama yangu alimfariji kwa kumwambia kwamba hata sisi tunaambiwa chakula chetu ni pilau tu.

Kuna kitu kimoja ambacho nilikiona siku zote na sikukitilia maanani. Binti yake hakuwahi kusimama kwenye kile kigoda. Alikaa meza ya pembeni na vitabu vyake, na kila alipoinuka aje kuchungulia sufuria, mama yake alimrudisha kwa kidole. "Kitabu kwanza. Jikoni utakuja hata ukiwa mzee." Bibi mwenyewe alitolewa shule akiwa mdogo, akaapa mwanawe asinuse moshi. Nami mjinga nilimhurumia yule msichana kwa hesabu zake, huku nikilamba shira kwenye vidole. Sikujua nani kati yetu alikuwa anamwonea nani wivu.

Naam, turudi Riyadh. Alhamisi saa tano za asubuhi nilibisha hodi kwenye nyumba yenye taa za harusi ukutani. Binti wa Bibi alinifungulia. Miwani bado mikubwa, nywele zimeingia mvi, sasa ni mfamasia. Tulikumbatiana mlangoni, tukalia, tukacheka, tukachanganya Kiarabu na Kiswahili kama zamani. Halafu akanipeleka kwa mama yake.

Bibi wa Juu alikuwa kwenye kiti karibu na jiko, mdogo sana, mikono imelala mapajani inatetemeka yenyewe bila kuombwa. Nikapiga magoti, nikaibusu. Alinipapasa uso. "Mole," akaniita, neno lao la kumwita binti. "Umenenepa. Vizuri."

Jikoni palikuwa na maafa. Siku tatu walizojaribu zilikuwa bado zinaonekana: madaftari yamejaa vipimo, chupa za plastiki za kukamulia, mabonge ya mayai kwenye mabakuli. Niliuliza kifuu kiko wapi. Binti yake akainamisha kichwa. Kilipotea kwenye kuhama, hakuna anayejua katika boksi gani. Nikampigia mume wangu Al-Sulay, nikamwambia aje na nazi. Akauliza, "Kavu au dafu?" Nikamwambia dafu la nini, mwanamume wewe, kavu, na ziwe tatu, yalla, harusi ni kesho. Alizileta ndani ya saa moja, na wenzake wawili wa kazini nyuma yake, maana habari ya mke wa dereva anayefuma mayai ilikuwa imeshaenea ghalani.

Nilipasua nazi, nikakwangua kifuu mpaka kikawa laini, nikatoboa tundu kwa msumari wa moto. Nikachuja viini. Nikachemsha shira. Nikasimama juu ya sufuria, kidole kwenye tundu, na hapo nikakumbuka kwamba sijafanya hivi tangu niolewe. Na nyuma yangu kuna bibi ambaye, nikishindwa mimi, hana mwingine wa kumwita. Nikaachia. Uzi ukashuka, ukakatika. Ukashuka tena, ukakatika. Jasho likanitoka. Binti yake akashika mdomo.

"Unaogopa nini?" Bibi akaniuliza kwa Kiarabu kile kile cha kuchechemea. "Ni mayai tu. Kuku yupo."

Nilicheka, na mkono ukalegea. Mara ya tatu ulizunguka. Mwenzangu, ulizunguka! Manjano juu ya manjano, povu linafura, maji ya baridi, upawa, sinia. Nilihisi nina miaka tisa. Nilifuma koja baada ya koja mpaka sinia likajaa nusu, na wale madereva walioachwa sebuleni na chai wakasikia vigelegele jikoni wakaitikia bila kujua wanaitikia nini.

Nikachukua koja zuri kuliko yote, nikampelekea Bibi kwenye kisahani. Hakulishika. Alikuwa anamtazama binti yake, aliyesimama mlangoni mwa jikoni na daftari na kalamu, anaandika kila nilichofanya, nusu ndani, nusu nje, palepale alipozoea kusimama Ghulail.

"Weka hiyo kalamu," Bibi akamwambia. "Njoo."

"Mama, mimi siwezi. Viini vimebaki kidogo, nitaviharibu."

"Viharibu."

"Hukunifundisha," binti yake akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana wa miaka kumi. "Ulinifukuza. Ukampa yeye."

Nilitamani sakafu inimeze. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na hapa mjukuu mwenyewe alikuwa chumba cha pili anapakwa hina. Bibi akasema polepole, ili asikosee neno, "Nilitaka usome. Umesoma. Nilidhani hili litakungoja. Nilikosea, mwanangu. Njoo."

Nilimwachia kifuu. Alikuja na miwani imejaa mvuke. Kiini cha kwanza kilidondoka chote, cha pili kikawa vitone. Nikamshika kiwiko, nikamzungusha kama nilivyozungushwa. Yeye akalia, akazunguka, akalia, akazunguka, na mwisho uzi ukatoka, mnene, wenye vifundo, umekatika mara nne, lakini ni uzi. Akauopoa. Bibi akanyoosha ule mkono unaotetemeka, akatwaa koja lile la binti yake likiwa bado la moto, akalila lote, akalamba na vidole. Langu akalisukuma pembeni. "Hilo la wageni," akasema.

Sitakuficha, iliniuma kidogo. Ile nyumba ya Ghulail ilibomolewa, na mtaa wake pia, ukipita leo huwezi kuonyesha kwa kidole kwamba hapa palikuwa mlango wetu. Mama yangu amezikwa Mombasa na aibu yake ya tambi aliyoisimulia mwenyewe mpaka mwisho kwa kicheko. Wale waliopika pamoja alasiri wametawanyika, na harufu haina mahali pa kurudi. Katika yote yale nilikuwa nimebaki na kitu kimoja, mkono huu unaojua kuzunguka, na miaka yote nilijidai ni changu. Kumbe ilikuwa amana. Nilikaa kwenye kigoda cha mtu kwa kuwa yeye alikuwa anasoma. Alhamisi ile jikoni nilijua, na nilifurahi kuliko nilivyoumia, kwamba nilikuwa nimeilinda vizuri. Tulifuma hadi viini vikaisha, mimi nikichuja, yeye akizungusha, na la mwisho lilikuwa na vifundo viwili tu.

Ijumaa, ukumbini upande wa wanawake, sinia lilipofunuliwa, wamama wa Kimalabari wakalizonga. Mmoja alisema hajaliona tangu harusi yake mwenyewe. Mwingine akauliza kwa sauti ni nani aliyelifuma. Nikafungua mdomo. Bibi wa Juu alikuwa kwenye kiti chake, binti yake kando yake, na binti yake alinitazama mara moja, halafu akamtazama mama yake.

"Ni mama," akasema, "na mimi."

Nami nikawa wa kwanza kupiga kigelegele.